Mawe ya Kasyeto

Dodoma,
9 Mei 1976

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Mwanao ni mzima, ila vumbi la huku limenipa kikohozi kisichotaka kuaga. Barua yako ya Pasaka nimeipata, tena kwa mwandiko wako mwenyewe! Nimeisoma hadi karatasi imelegea. Nimewaonyesha wenzangu wote maabara nikawaambia, huyu ni shangazi aliyenilea, juzijuzi tu hakujua a wala be. Hongera sana kwa kufaulu hatua ya nne ya kisomo. Lakini mbona hukunipa habari za nyumbani hata moja? Ulezi mmeshaanza kuvuna? Paa la jikoni kwako bado linavuja pale juu ya mafiga? Na kisima cha chini je, mlikizibua?

Sasa nisikilize, maana nimejitia kifua mbele na sasa nahitaji msaada.

Nilikuambia kwamba siku hizi nashika mashine ya eksirei, ile inayomulika unga wa jiwe na kusema ndani yake mna nini. Mkuu wetu wa maabara, Ndugu Clemens, anaandika ripoti ya miamba ya Ufipa yote. Miamba ile, shangazi, hapo zamani ilikuwa tope na mchanga chini ya maji. Ikafunikwa, ikazama, ikabanwa na kupikwa huko chini mpaka ikageuka jiwe gumu la kumetameta. Kazi yetu ni kulipima jiwe ili tujue lile tope la mwanzo liliporomoka kutoka milima ya namna gani. Mawe yote yaliyopimwa mpaka sasa yanasema neno moja: tope lilitoka kwenye milima ya itale, lile jiwe jeupejeupe la punjepunje.

Mimi nikasimama kwenye mkutano nikasema kwamba kwetu Kasyeto kuna mwamba mweusi wenye ulanga, yale magamba yanayong'aa, na punje nyekundu, haufanani na hayo, na hakuna aliyewahi kuupima. Ndugu Clemens akavua miwani akasema, "Basi ulete."

Gari la ofisi haliji Rukwa mwaka huu, petroli hakuna. Ripoti inafungwa baada ya Krismasi. Nisipoleta kitu nitakuwa msichana aliyeropoka mbele ya wakubwa, mashine atapewa mwingine, nami nitarudishwa kuosha chupa nilikoanzia. Ndiyo maana nakuomba mawe. Chukua kwenye mwamba wa nyuma ya jiko lako, kisha panda nao mpaka kwenye mgongo wa mlima, kila penye mabadiliko chukua moja, ukubwa wa ngumi mbili. Funga kila moja peke yake na uandike kikaratasi limetoka wapi. Sasa unajua kuandika, huna kisingizio! Zubery anakuja Mwazye, hapo chini, na lori kuchukua mahindi, mpe yeye ayafikishe Mbeya, kutoka hapo nimeshapanga na watu wa basi.

Nisalimie wote wa Kasyeto.

Mwanao,
Kristiana


Kasyeto,
20 Juni 1976

Mwanangu Kristiana,

Marahaba. Milele amina. Hicho kikohozi ni cha kunywa maji ya baridi, nakujua.

Ulezi tumevuna, umeshuka vizuri. Maharage yamekuwa ya wastani. Jikoni hapavuji. Kisima kipo. Watu wazima, ila mama yake Dominika macho yamekwisha kabisa, sasa anashikwa mkono kwenda kanisani, na mdomo wake bado mkali vilevile.

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Dominika alitaka kunisaidia nikamwambia kaa huko. Maneno mawili matatu yalinishinda lakini ya kuosha chupa niliyaelewa. Mtoto wa kaka yangu hatarudi kuosha chupa za mtu yeyote nikiwa hai.

Mawe nimetuma. Nimeyapasua mimi, nimeyabeba mimi kichwani, na vikaratasi nimeandika mimi. Zubery aliponyanyua gunia akaguna, akaniuliza, "Mama Albina, kwani Dodoma wameishiwa mawe?" Nikamwambia yapo, ila ya kwao hayajaitwa na serikali. Akacheka mpaka akakohoa. Ni mtu mzuri yule, mkewe Adija amekuletea kikopo cha samli, kimo ndani ya gunia. Usile peke yako.

Utakapofungua utajua yametoka nyumba ya nani. Waambie hao wakubwa wayatazame vizuri. Sina la kuongeza.

Shangazi yako,
Albina


Dodoma,
15 Agosti 1976

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimepona, na leo ni sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa, nimetoka misa sasa hivi. Samli ya mama Adija ilifika salama. Mawe pia yalifika. Vikaratasi vyako vinasomeka kuliko vya mafundi wetu wa hapa, na sisemi hivyo kukufurahisha.

Lakini shangazi, ulifanya nini na yale mawe?

Nilipofungua gunia yaling'aa kama vikombe vya sikukuu. Yananukia mafuta. Nikayasaga hivyohivyo, nikakandamiza unga, nikaweka kwenye mashine. Potasiamu imepanda mpaka nikadhani mashine imeharibika. Chokaa nayo imezidi. Nikapima upya, ikawa yaleyale. Ndugu Clemens akalinusa moja, akaliinua mbele ya wenzangu, akauliza, "Hili ni jiwe au ni sabuni?" Walicheka wote. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye jua mpaka machozi yakakauka.

Amesema jiwe lililochezewa halisemi kweli, na mawe ya Kasyeto hayataingia kwenye ripoti. Niambie tu uliyafanyia nini. Na kama utaweza, niletee mengine, machafu yalivyo, usiyaguse kwa chochote.

Na mbona hujaniambia kama Paulo wa Bertilla, jirani yetu, aliezeka ile nyumba yake?

Mwanao,
Kristiana


Kasyeto,
12 Septemba 1976

Kristiana,

Marahaba.

Niliyasugua. Ndiyo, niliyasugua kwa majivu na mchanga mpaka mikono ikachubuka, kisha nikayalaza usiku kucha ndani ya maji ya majivu yatoke ukungu, kisha nikayapaka mafuta ya nyonyo. Ulitaka nifanyeje? Nipeleke ofisi ya serikali mawe yenye ukungu na kinyesi cha popo, waseme huyu binti katoka kwenye nyumba gani? Ulipokwenda shule ya masista kola yako ilikuwa nyeupe kuliko ya watoto wa mwalimu. Nani aliifua? Hukuuliza siku ile nimetumia nini.

Mtu anakucheka na wewe unaniletea mimi kicheko chake kwenye barua.

Mengine siwezi kutuma. Usiniulize kwa nini. Na usiniulize habari za nyumba ya mtu.

Albina


Dodoma,
3 Oktoba 1976

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na nimepiga magoti nikiandika. Nisamehe. Sikupaswa kukuletea kicheko cha Ndugu Clemens. Kola ile naikumbuka, na wembamba wa mikono yako nausahau vipi? Nilikuwa na hasira na aibu nikazimwaga kwako kwa kuwa wewe hunifukuzi.

Nikuambie jambo la kukufurahisha kwanza. Majivu yako yameharibu potasiamu na chokaa, lakini hayakuharibu yote. Ndani ya jiwe kuna vitu vyepesi kutembea: ukilowesha vinaingia, ukipasha moto vinatoka. Ila kuna vingine havitikisiki. Kromu, nikeli, titani, zirikoni, hivyo hata mwamba uzame chini ya dunia, upikwe na kukunjwakunjwa, vinabaki palepale vilipokaa tope lilipotua. Majivu hayavigusi. Nimeketi na namba za mawe yako jioni zote za wiki mbili, nikaacha potasiamu, nikatazama hivyo tu. Shangazi, Kasyeto si itale hata kidogo! Nimempelekea Ndugu Clemens. Safari hii hakucheka. Alikaa nazo, kisha akasema namba zinaonekana kweli, lakini hawezi kuzichapisha mpaka aone mawe yasiyosuguliwa yakisema vilevile. Nikiyapata kabla ya Krismasi, yanaingia. Nisipoyapata, basi.

Sasa la pili. Nimeliweka siku tatu nikijiuliza kama niliandike.

Ili kuonyesha mawe yametoka wapi tunatumia picha zilizopigwa na ndege mwaka jana. Unaweka picha mbili pamoja chini ya kioo maalumu, na milima inasimama mbele ya macho yako kama uko angani. Nikautafuta mgongo wa mlima wetu nikaupata. Nikauona mwamba. Nikaiona njia ya kisimani. Nikasema sasa ngoja nilione paa la shangazi.

Hakuna paa. La kwako, la Paulo, la akina Dominika, hakuna hata moja. Kuna viduara tu vya majani marefu pale nyumba zilipokuwa. Nikasogeza kioo, nikafuta kioo, nikabadilisha picha.

Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipopita mwaka sabini na nne nilikuuliza, ukaniandikia kwa mkono wa katekista kwamba "sisi tupo". Nikaamini. Mpaka leo juu ya barua zako unaandika Kasyeto. Uko wapi, shangazi? Unalala wapi?

Mwanao,
Kristiana


Kijiji cha Mwazye,
28 Novemba 1976

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, simama usije ukaumiza magoti.

Nimechelewa kukujibu. Barua yako ilinikuta nikiwa na jembe mkononi, nikaisoma palepale, nikaikunja, nikaendelea kulima mpaka giza. Siku nyingi sikujua pa kuanzia. Leo ni Jumapili, mvua inanyesha, sina pa kukimbilia.

Tulihama Septemba ya mwaka ule. Lori lilikuja mara mbili kuchukua wazee na mizigo, wengine tulitembea. Nyumba zilitolewa miti na milango tujengee huku. Mimi nilibeba mlango wangu mgongoni, kwa kuwa marehemu baba yako ndiye aliyeuchonga. Sasa niko mstari wa tatu kutoka barabarani, Bertilla upande huu na mtu wa Milanzi nisiyemjua upande ule.

Kwamba nilikudanganya, hapana. Uliuliza kama jikoni panavuja nikasema hapavuji. Jiko lisilo na paa linavuja nini? Uliuliza kisima, kisima kipo, nani atabeba kisima? Nilikuambia "sisi tupo" na kweli tulikuwepo, hatukufa.

Usicheke. Najua unacheka.

Sikutaka ujue, basi. Ulikuwa umeanza kazi na watu wageni, nikasema mtoto asome na kufanya kazi akijua kwao kupo. Mtu akijua kwao kupo hutembea vizuri. Na juu ya barua niliandika Kasyeto kwa sababu ndilo neno la kwanza nililojifunza kuliandika. Mwalimu wa kisomo alitaka tuanze na majina yetu, mimi nikamwambia jina langu nitaandika kesho. Na tuseme ukweli, kisomo hicho nimekipata hukuhuku kijijini. Zahanati iko karibu, mama yake Dominika anapelekwa. Sikatai mema yake. Lakini nimezaliwa kule na roho yangu inauma, inauma kila asubuhi nikifungua ule mlango nikaona barabara.

Ulipoomba mawe nilipanda kule peke yangu tangu alfajiri. Majani yananifika kifuani. Popo wamehamia kwenye kuta zilizobaki. Ule mwamba wa nyuma ya jiko umejaa ukungu na kinyesi, mahali nilipokuwa naanika ulezi wangu! Nikaona aibu, mwanangu. Nikasema nikipeleka mawe haya hivi, watu watasoma juu yake kwamba yametoka kwenye gofu. Ndiyo maana nikayasugua hivyo. Nilitaka yaonekane mawe ya mahali panapokaa watu.

Sasa nimerudi tena. Kupanda kule siku hizi kunataka ruhusa ya mwenyekiti, Ndugu Kalisti. Yeye ndiye aliyesimama na karatasi siku ya lori akiita majina, na yeye mwenyewe kazaliwa Kasyeto, nyumba ya juu. Nikamwambia nakwenda kutafuta mawe ya ripoti. Akaniangalia sana. Akasema, "Nenda, na usichelewe kurudi, mvua iko karibu." Nilichelewa. Goti moja limevimba lakini sitaki maneno ya goti kwenye barua zako.

Mawe anayo Zubery, yameondoka juzi. Ni machafu. Kuna moja lina konokono juu yake, nimemwacha, maana ulisema nisiguse chochote. Mikono ilikuwa inaniwasha kuyafuta nikaikalia. Nimekutii wewe, mtoto niliyekutawadha mimi. Nenda kawape wakubwa zako.

Shangazi yako,
Albina


Dodoma,
20 Februari 1977

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini lile goti ambalo sitalitaja halijambo. Nami ni mzima, na ninakuja Juni nitakapopata likizo. Nitapiga hodi kwenye mlango aliouchonga baba.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka nikuandikie mambo yakiwa yamekwisha. Gunia lilifika siku nne kabla ya Krismasi. Nilipoona ule ukungu nililia mbele ya watu, safari hii bila kujificha. Niliondoa sehemu ya nje mwenyewe, nikasaga, nikapima. Potasiamu ikakaa mahali pake. Na vile vitu visivyotikisika vikasema neno kwa neno walichosema wale ndugu zao waliosuguliwa. Kromu nyingi, nikeli nyingi, zirikoni kidogo.

Maana yake ni hii. Wakati tope la Ufipa kwingine lilikuwa linatoka kwenye milima ya itale, tope la Kasyeto lilishuka kutoka milima mingine kabisa, milima myeusi iliyotokana na moto wa ardhini. Milima hiyo haipo tena, shangazi. Imeliwa na mvua miaka mingi mno kabla ya mtu kuwepo, hakuna aliyejua kwamba iliwahi kusimama. Kilichobaki ni tope lake, nalo liko nyuma ya jiko lako. Ndugu Clemens alinipa mkono mbele ya wote waliocheka. Akasema, "Ndugu Kristiana, umetuongezea milima." Nimechaguliwa kwenda Chuo Kikuu mwezi wa saba, na nikirudi mashine ni yangu.

Tulibishana jambo moja tu. Kwenye orodha ya mawe kuna mahali pa kuandika yametoka wapi. Yeye aliandika Mwazye, kwa sababu kwenye ramani mpya Kasyeto hakuna. Nikamwambia Mwazye ni chini, mwamba huu haufiki huko, na atakayetaka kuja kuhakikisha kazi yetu atapotea. Akasema hawezi kuandika jina la mahali pasipo na watu. Nikamjibu kwamba hatukupima watu, tulipima mwamba, na mwamba uko Kasyeto. Akakuna kidevu. Mimi sikukaa chini.

Nimekuwekea ukurasa huo humu ndani. Ni wa Kiingereza, lakini majina ni majina.

Mwanao,
Kristiana


Kijiji cha Mwazye,
Jumatatu ya Pasaka, 1977

Mwanangu Kristiana,

Marahaba, na Bwana amefufuka kwelikweli!

Matuta ya ntumba nimeshayafukia majani, mvua imekuwa njema, nguruwe wa Bertilla amezaa akala mahindi yangu na tumegombana na tumepatana. Njoo Juni. Nimeanza kuweka ulezi pembeni, pombe itakuwepo, na Zubery ameshaniambia atakuchukua Mbeya, mbele kwenye kiti si nyuma juu ya magunia.

Karatasi yako ilinifikia Jumatano Kuu. Nikakaa nayo mlangoni. Kiingereza kimejaa kama siafu, nikakipita chote, nikawa natafuta. Nikakuona wewe kwanza, jina lako lote, na jina la baba yako nyuma yake. Nikapiga kigelegele, yule wa Milanzi akatoka mbio akadhani pamezaliwa mtu. Halafu nikashuka chini na kidole, nikakuta pale uliposema. Sikupiga kigelegele tena.

Jana baada ya misa nikatoka nayo nje ya kanisa. Watu wa Kasyeto wakaja, unajua siku hizi tumetawanywa mistari tofauti, hatukutani sana. Nikawaonyesha. Paulo, Dominika, mama yake aliyetaka ashikishwe karatasi kwa vidole. Nikawaeleza habari ya milima myeusi, sijui kama niliieleza sawa, nilisema tu kwamba wazungu na Wadodoma na wote walikuwa hawajui na sasa wanajua. Watu wakaanza kutamba. Bertilla akasema kumbe ndiyo maana ulezi wetu ulikuwa mtamu.

Ndipo akaja Ndugu Kalisti. Kelele zikapungua. Ana ile kofia yake, na mkoba wa ofisi. Akauliza, "Hiyo karatasi ina nini?" Nikasema ni ya serikali, imetoka Dodoma, ina jina la Kasyeto. Niliikaza mkononi, mwanangu, maana nilijua atasema jina hilo limefutwa na nani kaliruhusu. Nilikuwa nimeshatayarisha jibu, na lilikuwa jibu baya, siku ya Pasaka.

Akavua kofia. Akasema, "Soma."

Nikasoma. Akasogea karibu akatazama kilipo kidole changu, yeye anayejua kusoma kuliko sisi sote. Akasema, "Albina, soma tena." Nikamsomea tena, kwa sauti, mpaka walioko barabarani wakasikia.

Shangazi yako,
Albina